Modemu ya Simu na Unix: Anza na Nyaya, Namba Baadaye

Modemu inapokatika kila baada ya dakika kumi, lawama za kwanza huenda kwenye laini ya simu. Waya za mtaani zimeingia maji, kituo cha simu kimezeeka, jirani amechomelea geti. Maelezo ya namna hii yanapendwa kwa sababu yanamwondolea mwenye kompyuta kazi: laini si yake, hawezi kuigusa. Mwongozo huu unashika msimamo mwingine. Kwenye mfumo wa Unix, uwe Linux, FreeBSD au mashine ya zamani ya Sun, modemu isiyotegemeka mara nyingi ni modemu ambayo haijaelewana na kompyuta iliyo nayo mezani pamoja. Kabla ya kumtafuta mchawi kwenye nguzo za simu, chunguza ile mita moja ya kebo na amri chache ambazo watu huzinakili bila kuzisoma. Hilo ni la faida kwa anayefufua mashine ya zamani, na pia kwa anayetunza modemu kama njia ya dharura ya kuingilia seva au ruta iliyo mbali mtandao mkuu unapokatika, kazi ambayo modemu za simu bado zinafanya mahali pengi.

Ushahidi uko kwenye safari yenyewe ya data. Safari hiyo ina vipande viwili: kutoka kompyuta hadi modemu yako, na kutoka modemu yako hadi modemu ya upande wa pili. Kipande cha pili, ndicho kinachopita mtaani, kina ulinzi. Modemu zinazofuata kanuni ya V.42, iliyopitishwa 1988, hufunga data katika mafungu, hukagua kila fungu, na fungu lililoharibika hutumwa upya bila kompyuta kujua kitu. Kipande cha kwanza hakina ulinzi huo. Baiti ikidondoka kati ya modemu na tundu la siriali la kompyuta, hakuna wa kuirudisha mpaka programu za juu zigundue pengo na kuomba upya. Kwa hiyo mkwaruzo wa laini, modemu zikiwa zimekubaliana V.42, hukufikia kama kuchelewa tu. Tatizo la kebo au la mpangilio wa siriali hukufikia kama data iliyoharibika. Ukiona mafaili yamechafuka au pakiti zimetupwa ilhali modemu iliandika LAPM au ARQ ilipounganika, tayari unajua kipande kipi cha kuchunguza.

Basi anza na kebo. RS-232 ina nyaya nyingi, na kebo za bei nafuu hupunguza zile zinazoonekana kama za ziada. TD na RD za kutuma na kupokea, pamoja na GND, zinatosha kuonyesha neno OK kwenye skrini, na hapo ndipo mtu hudhani kazi imekwisha. Hazitoshi. Unahitaji RTS na CTS, ambazo kompyuta na modemu huzitumia kuambiana kusubiri. DCD, ambayo modemu huiinua ikisikia modemu nyingine upande wa pili na kuishusha isipoisikia tena. Na DTR, ambayo kompyuta huishusha kuiamuru modemu ikate simu. Kebo ya kuunganisha kompyuta mbili, yenye nyaya zilizopishana, haifai hapa hata kama vichwa vyake vinaingia. Kama kompyuta yako haina tundu la siriali, adapta ya USB itafanya kazi mradi iwe na nyaya zote hizo, kwani ziko adapta ambazo zimeacha baadhi. Na ukiwa na uchaguzi, chukua modemu ya nje yenye taa. Modemu nyingi za ndani zilizouzwa kwa ajili ya Windows hazina chipu ya siriali ya kweli. Kazi yao hufanywa na programu ambayo Unix huenda haina. Ya nje unaweza kuizima na kuiwasha bila kugusa mfumo, na taa zake hukuambia ukweli pale programu zinapokisia.

Sasa hesabu kidogo, maana hapa ndipo data hupotelea. Kwenye kasi ya 115200, kila herufi hutumia biti 10, kwa hiyo herufi 11520 hufika kila sekunde, moja kila mikrosekunde 87 hivi. Chipu za zamani za 8250 na 16450 zina nafasi ya kushika herufi moja tu: keneli ikichelewa kidogo, labda diski inaandika, herufi inayofuata inaifuta ya kwanza. Chipu ya 16550A ina bafa ya herufi 16, na hiyo huipa keneli zaidi ya milisekunde moja ya kupumua. Kwenye Linux huna haja ya kukisia. Ukiwa root, soma faili /proc/tty/driver/serial. Utaona aina ya chipu, idadi ya baiti zilizotumwa na kupokewa, na majina ya nyaya zilizo juu wakati huo. Yakitokea makosa, oe huhesabu herufi zilizofutwa kwa kuchelewa, na fe huhesabu herufi zilizofika zimevunjika. Namba ya oe ikiongezeka unapopakua faili, hakuna fundi wa laini atakayekusaidia. Namba ya fe ikiongezeka, angalia kebo na kasi uliyoweka.

Wapo watakaosema: punguza kasi basi, weka 19200, yaishe. Hoja hii ina ukweli kwenye chipu ya 16450, lakini inageuza matokeo kuwa chanzo. Kasi ya tundu la siriali si kasi ya laini. Modemu zenye V.42bis hubana data, na maandishi ya kawaida yanaweza kubanwa hata mara nne, kwa hiyo laini ya 28800 inaweza kutema hadi 115200 upande wa kompyuta. Ukiweka kasi ndogo, modemu itajaza bafa yake na kumwambia mwenzake asubiri. Hutapoteza data, ila umeilipia modemu uwezo usioutumia. Jambo la msingi zaidi ni kwamba kasi ya siriali ibaki ile ile kila simu, haijalishi laini imeunganika kwa 33600 au 14400. Zile skripti za zamani zinazobadilisha kasi kufuata neno linalokuja baada ya CONNECT ni za enzi za modemu za 2400. Zifute.

Kinachofanya kasi kubwa iwe salama ni RTS na CTS. Kwenye Unix huwashwa kwa crtscts, iwe kwa amri ya stty au kwenye mipangilio ya pppd (programu inayoendesha PPP, yaani mtandao juu ya laini ya simu), na upande wa modemu zenye chipu za Rockwell au Conexant kwa &K3; modemu za US Robotics hutumia &H1&R2. Pande zote mbili lazima zikubali. Ukiwasha upande mmoja tu, kila kitu kitaonekana sawa mpaka faili kubwa ya kwanza. Njia nyingine, ya kusimamisha data kwa herufi za XON na XOFF, iepuke. Herufi hizo ni namba 17 na 19, nazo hutokea ndani ya data yoyote isiyo ya maandishi. PPP inaweza kuzificha kwa asyncmap a0000, lakini protokali g ya UUCP, mfumo wa Unix wa kupelekeana mafaili kwa simu, haiwezi kabisa, na hata kwa PPP unaongeza mzigo ili kuepuka nyaya mbili ambazo tayari zimo kwenye kebo nzuri. Weka asyncmap 0 ukiwa na uhakika na njia yako yote.

Nyaya mbili zilizobaki, DCD na DTR, ndizo zinazotenganisha modemu inayofanya kazi na modemu inayotegemeka, na ndizo zinazopuuzwa zaidi. Modemu kadhaa hutoka kiwandani zikiwa na &C0, maana yake DCD iko juu muda wote hata simu ikiwa imewekwa chini. Katika hali hiyo Unix haiwezi kujua kwamba simu imekatika: pppd itaendelea kusukuma pakiti kwenye ukuta, na njia ya mtandao itabaki kuonekana hai. Weka &C1, ili DCD ifuate ukweli wa laini, na &D2, ili kushuka kwa DTR kukate simu. Upande wa Unix, zima clocal na uwashe hupcl, au kwa pppd tumia neno modem badala ya local. Hapa kuna kitendawili kinachowachanganya wengi: clocal ikiwa imezimwa, programu inayofungua tundu la siriali husubiri DCD ipande, nayo haiwezi kupanda kabla ya kupiga simu, na huwezi kupiga simu bila kufungua tundu. Familia ya BSD ilitatua hilo kwa kulipa tundu majina mawili, moja linaloanza na tty kwa simu zinazoingia na jingine linaloanza na cua kwa simu zinazotoka, ambalo halisubiri. Linux iliachana na majina ya cua. Humo programu yenyewe hufungua bila kusubiri kisha hurejesha usikivu baada ya CONNECT. pppd na cu hujua kufanya hivyo. Skripti uliyojitungia kwa echo na cat haijui.

Ukishakuwa na nyaya, ndipo uandike amri. Ingia kwa minicom au cu, andika AT&V, soma modemu ilivyo sasa. Halafu tunga mstari wako ukijua kila herufi inafanya nini: AT&F kurudisha hali ya kiwandani, kisha kwenye mstari wa pili ATV1X4&C1&D2&K3S0=0S2=255S7=60. S0=0 huizuia modemu kupokea simu yenyewe. S7 ni sekunde ambazo modemu itasubiri kuunganika. Mazungumzo ya V.34 na V.90 huchukua muda, usiyakatize. S2=255 huzima ule mkato wa kuandika alama tatu za kujumlisha ili kurudi kwenye amri. Kampuni ya modemu ya Hayes ilimiliki hataza ya kimya kinachotakiwa kabla na baada ya alama hizo, na baadhi ya modemu za makampuni mengine zilikwepa hataza kwa kuachana na kimya hicho. Matokeo yake, mtu wa mbali aliweza kukukatia simu kwa kukutumia pakiti ya ping yenye alama hizo na ATH, ambayo kompyuta yako iliijibu kwa uaminifu kupitia modemu yako. Kwa kuwa &D2 tayari inakata simu kwa waya, mkato huo huuhitaji.

Wengine hupendelea kuhifadhi mipangilio ndani ya modemu kwa &W na kuanza kila simu kwa ATZ. Ni nadhifu, lakini inakulazimisha kuamini kwamba hakuna programu nyingine iliyohifadhi mambo yake tangu jana. Modemu ikibadilishwa saa nane usiku na mlinzi aliyeelekezwa kwa simu, mpya haitakuwa na mipangilio yako. Mstari mzima ukiwa kwenye faili ya Unix, kila simu inaanza mahali pale pale. Skripti yenye busara ya chat, programu inayopiga simu kwa niaba ya pppd, inaweza kuwa hivi:

ABORT BUSY
ABORT 'NO CARRIER'
ABORT 'NO DIALTONE'
ABORT 'NO DIAL TONE'
ABORT 'NO ANSWER'
TIMEOUT 5
'' 'AT&F'
OK-AT-OK '\dATV1X4&C1&D2&K3S0=0S2=255S7=60'
TIMEOUT 75
OK 'ATDT\T'
CONNECT '\c'

Mistari miwili inayofanana ya mlio wa simu si kosa la uandishi: modemu tofauti huandika jibu hilo kwa nafasi au bila nafasi. Alama ya \d huipa modemu sekunde moja ya kujipanga baada ya &F, kwa kuwa baadhi husema OK kabla hazijawa tayari na humeza herufi za mwanzo za amri inayofuata. TIMEOUT ya 75 ipo kwa sababu chat isipoambiwa kitu husubiri sekunde 45, pungufu ya S7 tuliyoweka. Bila hiyo, skripti hukata tamaa wakati modemu bado zinajadiliana, na wewe unailaumu laini. Namba ya simu huingia mahali pa \T kupitia chaguo la -T. Modemu iliyotengenezwa kwa soko la Marekani ikishindwa kuutambua mlio wa kituo chenu, badilisha X4 iwe X3 ili ipige bila kuusubiri, na kama uko nyuma ya simu za ofisi, weka alama ya mkato (,) baada ya tarakimu ya kutokea nje. Kwa kawaida alama moja ni kusubiri kwa sekunde mbili.

Kuhusu kubaki hewani, neno persist la pppd halitoshi peke yake. Litapiga tena simu ikikatika, lakini simu inaweza kuwa hai huku upande wa pili umekufa. Weka lcp-echo-interval 30 na lcp-echo-failure 4, na pppd itagundua kifo hicho ndani ya dakika mbili hivi. Weka holdoff 60 ili isipige mfululizo kama kichaa. Katika nchi kadhaa modemu zilitakiwa na sheria kukataa namba inayorudiwa mno, na hujibu DELAYED au BLACKLISTED, maneno ambayo unaweza kuyaongeza kwenye ABORT. Usiiweke maxfail kuwa 0 bila kufikiria bili. Neno lock nalo ni la lazima: huandika faili ya LCK..ttyS0 ili programu mbili zisigombanie tundu moja. Kwenye Linux za sasa, huduma ya ModemManager inaweza kuligusa tundu kabla yako ili kutafuta modemu za simu za mkononi. Izime kama huihitaji. Halafu soma kumbukumbu za mfumo kwa makini, maana pppd husema kwa usahihi kuliko watu. "Modem hangup" maana yake DCD imeshuka, simu imekatika kweli. "No response to 4 echo-requests" maana yake simu ipo lakini upande wa pili haujibu. "Serial line is looped back" karibu kila mara maana yake PPP haijaanza upande wa pili na maneno yako yanarudishwa kama mwangwi, ama modemu yenyewe imerudi kwenye hali ya amri. Hayo ni magonjwa matatu tofauti, na dawa zake hazifanani.

Pingamizi zito ni hili: yote haya ni kweli mahali penye simu nzuri, ila kwetu laini ni mbovu kweli. Jibu la kwanza ni la kihistoria. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, miaka mingi kabla ya kebo za baharini kufika Mombasa na Dar es Salaam mwaka 2009, hospitali na asasi za Afrika Mashariki zilipeleka barua pepe kupitia mtandao wa FidoNet, HealthNet ya watu wa afya ikiwa miongoni mwao, kwa modemu kwenye laini za kawaida. Mfumo ule wa kuhifadhi kwanza na kutuma baadaye ulitegemea kwamba simu itakatika, na kwamba kila upande utajua imekatika. UUCP ya Unix, iliyobuniwa na Mike Lesk wa Bell Labs katika miaka ya 1970, ilijengwa juu ya dhana hiyo hiyo. Laini mbovu haikuwazuia. Laini mbovu pamoja na kompyuta isiyojua hali ya modemu yake ndiyo ingewazuia. Jibu la pili ni kwamba ubovu unapimika. Baada ya simu kukatika, ATI6 kwenye modemu za US Robotics au AT&V1 kwenye nyingi za Rockwell itaonyesha kasi na sababu ya kukatika, na nyingine huonyesha pia idadi ya mafungu yaliyorudiwa. Yakiwa mengi, laini ndiyo mgonjwa. Hapo shusha kasi ya juu ya modemu, kwa +MS au rejista inayotajwa kwenye kijitabu chake. Modemu inayoshinda siku nzima kwenye 14400 hubeba data zaidi kuliko inayopanda 33600 na kuanguka. Laini iliyogeuzwa kuwa ya intaneti ina ugonjwa wake: ikibana sauti kwa G.729, modemu haitasikia kitu cha maana, kwa hiyo mwombe mtoa huduma G.711, kisha uanze na 9600. Na huduma ya kusubirisha simu izimwe kabla ya kupiga, kwa maana mlio wake hukata mazungumzo ya modemu.

Kwa simu zinazoingia, kosa la &C0 linageuka kuwa hatari ya usalama. Msimamizi akikatikiwa akiwa ndani kama root, na Unix isijue, mtu wa pili atakayepiga atakuta mlango uko wazi bila kuulizwa nywila. DCD ikishuka ipasavyo, keneli hutuma SIGHUP na kikao hufungwa. Badala ya getty ya kawaida tumia mgetty ya Gert Doering. Yenyewe husubiri neno RING na kujibu kwa ATA, kwa hiyo kompyuta ikiwa imezimika modemu haipokei simu isiyo na mtu. Pia huepuka ule ugomvi wa getty na modemu yenye mwangwi, ambapo login hutumwa, hurudishwa, na hujibiwa tena bila mwisho.

Modemu za USB za mitandao ya simu za mkononi hurithi sehemu kubwa ya maarifa haya. Nyingi hujitokeza kama /dev/ttyUSB0, hujibu AT, hupiga *99#, na pppd ile ile huziendesha; ziko zinazojifanya kwanza diski mpaka usb_modeswitch izigeuze.

Kabla ya kuiamini modemu yako, ivunje kwa makusudi. Ikiwa hewani, chomoa waya wa simu: taa ya CD (yaani DCD) izime ndani ya sekunde chache na kumbukumbu ziandike "Modem hangup". Rudisha waya, subiri iungane, kisha iue pppd kwa kill: simu ikatike mara moja, taa ya OH, inayoonyesha simu imeinuliwa, izime. Mwisho, anzisha pppd tena, zima modemu yenyewe kwa swichi katikati ya upakuaji, iwashe, na usiguse kompyuta. Ikirudi hewani baada ya ile dakika ya holdoff, iache. La kwanza likishindikana, rudi kwenye &C1; la pili, &D2 na waya wa DTR; la tatu, angalia persist, kisha kama kuna amri yoyote uliyoiacha ndani ya modemu badala ya kuiandika kwenye skripti.